Simu, tableti na laptopu bila waya: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Bukavu

Majibu haya ni ya mwanafunzi anayeandika TFC yake (kazi ya kumaliza masomo), ya mwalimu, ya mama mwenye duka, ya katibu wa parokia: yeyote mwenye simu mkononi, tableti ya watoto nyumbani na laptopu ya kazi, na anayetaka vifaa hivyo vizungumze bila waya. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa, maana ndivyo simu na laptopu nyingi za hapa kwetu zinavyoyaonyesha. Simu yako ikitumia maneno tofauti kidogo, usihangaike, tafuta linalofanana.

Je, lazima niwe na mega za intaneti ndipo simu na laptopu ziungane?

Hapana. Tungependa kila mtu alijue hili kabla ya mengine yote.

Wi-Fi ni redio tu. Ukiwasha « Partage de connexion » kwenye simu, simu inakuwa kituo kidogo, na laptopu na tableti zikijiunga nacho zote zinakuwa kwenye mtandao mmoja. Simu nyingi za Android zinafanya hivyo hata data ikiwa imezimwa na hata kama huna inite (salio) hata moja. Faili linapita hewani kutoka kifaa hadi kifaa hapo hapo chumbani, na kampuni ya simu haina cha kukukata.

Sasa angalia wengi wetu tunavyofanya. Mtu ana video kwenye simu, laptopu iko mezani mbele yake, na anajitumia video hiyo kwa WhatsApp. Video inapanda hadi kwenye seva za ng'ambo, halafu inateremka tena mpaka kwenye laptopu. Amelipa mega za kupandisha, amelipa na za kuteremsha, kwa safari ya nusu mita. Forfe ya wiki nzima inaweza kuishia hapo. Inatuuma, hasa kwa wanafunzi, kwa sababu kazi hiyo ingefanyika bure.

Basi nifanye vipi? Nielezeni hatua kwa hatua.

Zipo programu kadhaa. Sisi tunapendekeza LocalSend: ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na iko kwa Android, iPhone, iPad, Windows, Mac na Linux. Mega utazitumia mara moja tu, siku ya kuiweka.

Tuseme umepiga picha kurasa za kitabu maktabani, na picha ziko kwenye simu. Zima data. Washa « Partage de connexion » (simu nyingine huandika « Point d'accès »). Kwenye laptopu bonyeza alama ya Wi-Fi chini kulia, chagua jina la simu yako, andika neno la siri. Windows itaonyesha kwamba hakuna Internet. Ni sawa kabisa, hatuitafuti. Tableti za Android nazo zitakuuliza kama unataka kubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti: kubali, la sivyo itatoka yenyewe na utabaki kushangaa.

Fungua LocalSend pande zote mbili. Kila kifaa kinajipa jina, na mara nyingi ni jina la tunda lenye sifa mbele yake. Usidhani ni kifaa cha mtu mwingine. Ukitaka, kibadilishe kwenye mipangilio kiitwe « Laptopu ya ofisi » au « Simu ya mama ». Kwenye simu nenda sehemu ya kutuma, chagua picha, kisha gusa jina la laptopu. Laptopu itauliza kama unapokea. Ukikubali, mstari unaanza kujaa, na faili zinaingia kwenye « Téléchargements ». Kurudisha faili kwenye simu au kupeleka kwenye tableti ni njia ile ile.

Jirani akiitaka programu hiyo naye, si lazima ainunulie mega. LocalSend ya Android inaweza kutuma hata programu zilizomo ndani ya simu, na Play Store nayo ina sehemu ya kupeana programu kati ya simu zilizo karibu. Darasani mmoja akipakua, wengine wote wanapata.

Bluetooth haitoshi? Ipo kila mahali.

Inatosha kwa vitu vidogo: barua ya kurasa mbili, namba ya simu, picha moja. Kwa vikubwa ni mateso. Bluetooth ya kawaida hupitisha takriban megabiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo video ya gigabaiti 1 inachukua zaidi ya saa nzima, wakati Wi-Fi ya simu ya kawaida inaimaliza kwa dakika chache tu.

Na kuna mtego unaowakwamisha watu wengi. Ukituma kutoka simu kwenda Windows, laptopu haipokei yenyewe. Ni lazima kwanza uingie kwenye mipangilio ya Bluetooth ya laptopu, ufungue « Envoyer ou recevoir des fichiers via Bluetooth », uchague kupokea, dirisha libaki likisubiri, ndipo utume kutoka kwenye simu. Ukigeuza mpangilio huo, simu itakuambia imeshindwa, na wewe utadhani laptopu imeharibika.

Na Quick Share je?

Nzuri sana kama laptopu yako ni ya Windows 10 au 11 na ina Bluetooth pamoja na Wi-Fi. Ni njia ya Google ya kutumiana faili. Zamani iliitwa Nearby Share, na mwaka 2024 iliunganishwa na ile ya Samsung. Bluetooth inatumika kutambuana, Wi-Fi inabeba mzigo. Kwenye simu nyingi za Android imo tayari. Kwenye laptopu unaipakua. Tunaiweka nyuma ya LocalSend kwa sababu moja tu: laptopu za mitumba zinazouzwa hapa mjini mara nyingi Bluetooth yake haifanyi kazi vizuri, au haipo kabisa.

Laptopu yangu inaona Wi-Fi za majirani, lakini ya simu yangu haiioni. Kwa nini?

Karibu kila mara ni suala la masafa. Simu mpya hupenda kurusha kwa 5 GHz, na laptopu nyingi za zamani zinasikia 2,4 GHz peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya « Point d'accès », tafuta palipoandikwa « bande », weka 2,4 GHz. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa « Maximiser la compatibilité ». Masafa ya 2,4 GHz yana faida nyingine pia: yanapenya ukuta vizuri zaidi, kwa hiyo mtoto aliye chumba cha pili na tableti hatapoteza mawimbi.

Kama laptopu inaiona simu lakini inakataa kuingia ingawa neno la siri ni sahihi, angalia aina ya ulinzi. WPA3 ilitoka mwaka 2018, na laptopu za kabla ya hapo mara nyingi haziijui. Chagua WPA2. Usichague kuacha wazi bila neno la siri, hata kwa dakika tano.

Mambo mengine madogo: kwenye iPhone, baki kwenye ukurasa wa « Partage de connexion » mpaka laptopu iingie. Simu za Android nazo huzima « Point d'accès » zenyewe zikikaa bila mtu. Hilo unaweza kulizuia kwenye mipangilio. Na kwenye laptopu chunguza kama « Mode Avion » imebonyezwa kwa bahati mbaya. Baadhi ya laptopu zina kitufe chake pembeni au juu ya kibodi, na mtoto akikipitia mkono Wi-Fi yote inazimika.

Zote ziko kwenye mtandao mmoja, lakini LocalSend haioni laptopu.

Tazama Windows imeupa mtandao huo sura gani. Ukiingia kwenye Wi-Fi mpya, Windows huichukulia kama « Réseau public », yaani mahali pasipo pa kuaminika, na inaificha laptopu kwa wengine. Kwa simu yako mwenyewe, bonyeza jina la mtandao, fungua « Propriétés », weka « Réseau privé ». Mara nyingi kifaa kinatokea hapo hapo. Na siku ile ya kwanza Windows ilipouliza kama inairuhusu LocalSend kupita kwenye ukuta wa ulinzi, huenda ulibonyeza kukataa, irudie, ukubali.

Kama mko kwenye Wi-Fi ya chuo, ya hoteli au ya ofisi, tatizo linaweza kuwa si lako. Mitandao mingi ya namna hiyo imepangwa makusudi vifaa visionane, kwa usalama. Usipoteze muda kupigana nayo. Toka, washa « Partage de connexion » ya simu, fanya kazi yako.

Laptopu ikiwa ya zamani mno hata LocalSend haikubali, programu ya kwenye simu ina njia ya kutuma kwa kiungo. Simu inakuonyesha anwani, kwa kawaida inaanza na 192.168. Iandike kwenye kivinjari cha laptopu kama ilivyo, na faili zitaonekana tayari kupakuliwa. Kivinjari chochote kinatosha.

Nikiipa laptopu intaneti ya simu, mega zinakwisha ndani ya nusu saa. Nani anazila?

Windows yenyewe, mara nyingi. Laptopu ikiona Wi-Fi, inadhani iko kwenye intaneti isiyo na kikomo. Inaanza kupakua masasisho, OneDrive inapandisha picha, antivairasi inajisasisha, Play Store ya tableti nayo haikubali kuachwa nyuma. Wewe umefungua ukurasa mmoja wa barua pepe tu.

Dawa ipo na ni bure. Kwenye laptopu, ukiwa umeunganishwa na simu, fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la simu, na uwashe « Connexion limitée ». Kuanzia hapo Windows inajua kwamba kila mega ina bei, na inaacha kupakua masasisho mengi kwa siri. Itakumbuka mpangilio huo kila unaporudi kwenye simu hiyo. Ukibadilisha simu, rudia. Kwenye tableti ya Android, ingia kwenye Wi-Fi ile ile, iambie kwamba mtandao huo unalipiwa kwa matumizi, kisha uzime masasisho ya Play Store ya kujiendesha. YouTube ya watoto iteremshe hadi 240p au 360p. Kwenye skrini ndogo hawataona tofauti.

Lakini masasisho usiyazime milele. Tafuta mahali penye Wi-Fi nzuri, walau mara moja kwa mwezi, uiachie laptopu ijitengeneze. Laptopu isiyosasishwa inakuwa mlango wa virusi.

Jambo la pili linatuhusu sisi watu wa mpakani. Ukikaa karibu na mto Ruzizi, simu yako inaweza kukamata mnara wa upande wa Rwanda bila wewe kujua, na inite zikaanza kukatwa kwa bei ya kigeni. Wenzetu wa Goma wanaoishi karibu na barrière (kivuko cha mpaka) wana tatizo hilo hilo. Kabla ya kugawa intaneti kwa laptopu, tazama juu ya skrini kama kuna alama ya R (yaani roaming, simu iko kwenye mtandao wa kigeni), na uzime « Itinérance des données » kabisa. Ukiona inaruka ruka, chagua mtandao wa kampuni yako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Nina intaneti ya waya kwenye laptopu ofisini. Naweza kuigawa kwa simu na tableti?

Ndiyo. Windows 10 na 11 zina « Point d'accès sans fil mobile » kwenye « Réseau et Internet », na inapokea hadi vifaa 8. Ila inakataa kuwaka kama laptopu yenyewe haina muunganisho wowote, ndiyo maana kwa kupeana faili bila intaneti tunaanzia kwenye simu.

Mimi nina iPhone na laptopu ya Windows.

AirDrop, njia ya Apple ya kutumiana faili, inafanya kazi kati ya vifaa vya Apple. Laptopu ya Windows haimo. Tumia LocalSend. « Partage de connexion » ya iPhone kwa kawaida inataka data iwe imewashwa, kwa hiyo kama huna mega, acha simu nyingine ya Android nyumbani iwe kituo, na iPhone na laptopu zote zijiunge nayo.

Picha zako zikifika na laptopu ikakataa kuzifungua, ni kwa sababu tangu iOS 11, mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao laptopu nyingi haziujui. Ingia « Réglages », « Appareil photo », « Formats », chagua « Le plus compatible ». Picha zitakazofuata zitakuwa JPEG. Za zamani zitabaki zilivyo.

Xender na SHAREit tumezizoea. Kuna ubaya gani?

Zinafanya kazi, hatukatai, na ndizo zilizowafundisha watu wengi kwamba faili linaweza kupita bila mega. Lakini zimejaa matangazo na zinaomba ruhusa nyingi kuliko zinavyohitaji. India ilizipiga marufuku zote mbili mwezi wa Juni 2020, kwenye orodha ya programu 59 za Kichina, na mwaka 2021 kampuni ya usalama Trend Micro ilitangaza makosa ya hatari ndani ya SHAREit ya Android. Kwa nyimbo, sawa. Kwa picha za kadi ya mpigakura, hati za kiwanja au daftari la madeni la duka, tafadhali tumia nyingine.

Je, tableti inaweza kuwa skrini ya pili ya laptopu?

Inaweza, na ni raha kwa anayeandika: maandishi kwenye laptopu, kitabu cha PDF kwenye tableti. Kwa Windows kuna programu inayoitwa spacedesk. Unaiweka sehemu moja kwenye laptopu na nyingine kwenye tableti, zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja. Mwenye Mac na iPad anayo Sidecar tangu 2019. Tarajia skrini ya pili kuchelewa kidogo. Kwa kusoma haina shida, kwa video haifai.

Kinyume chake, yaani kuonyesha simu kwenye skrini ya laptopu, tumia « Projection sur ce PC ». Mara ya kwanza Windows itataka kupakua sehemu inayoitwa « Affichage sans fil », kwa hiyo uwe na mega siku hiyo.

Walimu na wahubiri wanaotumia projekta tunawashauri KDE Connect. Simu inakuwa rimoti: unasimama mbele ya watu, unageuza kurasa kwa kidole bila kurudi kwenye laptopu. Ni ya bure pia, na inataka tu vifaa viwe kwenye mtandao mmoja.

WhatsApp Web inahesabika kama kuunganisha?

Inaunganisha akaunti, ila kila kitu kinapitia intaneti. Unaweza kufunga hadi vifaa 4 juu ya simu yako, tableti ikiwemo, na havihitaji simu iwe imewaka muda wote. Usipoitumia simu kwa siku 14 vinatolewa. Ni nzuri kwa kuwajibu wateja kwa kibodi. Ukituma picha kwa njia hiyo, itume kama « Document », la sivyo inabanwa na maandishi ya kwenye karatasi uliyopiga picha hayasomeki tena.

Ukiifungua kwenye kompyuta ya fotokopi ili uchapishe kitu, usiondoke kabla hujafungua WhatsApp kwenye simu, « Appareils connectés », na kukiondoa kifaa hicho. Tumeona watu wanaondoka na karatasi zao huku mazungumzo ya nyumba nzima yamebaki wazi kwa atakayeketi baadaye.

Umeme ukikatika?

Boksi la Wi-Fi la nyumbani linazimika, simu inabaki. Kwa hiyo zoea njia ya simu hata kama una boksi. Lakini kurusha Wi-Fi kunakula betri na kunachemsha simu: itoe kwenye kifuniko chake, usiiweke juani dirishani, na ukimaliza kutuma zima mara moja. Kama unataka intaneti kidogo tu ya kusoma barua, « Partage de connexion Bluetooth » ni ya polepole lakini inatunza betri kuliko Wi-Fi.

Niliwahi kumpa mgeni neno la siri la simu yangu. Bado anaweza kuingia?

Ndiyo, kila akiwa karibu na wewe ukiwa umewasha, na data yako itaondoka naye bila kelele. Badilisha neno la siri. Litengeneze refu, lisiwe namba yako ya simu wala jina la mtoto. Pia ondoa jina lako kwenye jina la mtandao. Si lazima avenyu nzima ijue uko nyumbani. Ukurasa wa « Point d'accès » unaonyesha idadi ya vifaa vilivyounganishwa: ukihesabu vyako ni viwili na simu inaonyesha vitatu, zima kwanza, uliza baadaye.

Kwa hiyo kebo na kle ya USB tuzitupe?

Msizitupe. Ukitaka kuhamisha picha za miaka yote, gigabaiti 60 kwa mpigo, kebo nzuri inaishinda Wi-Fi ya simu na haikatiki katikati. Kle nayo ina tatizo la kupita kwenye kila kompyuta ya mjini na kuokota virusi, na ikiwa ya mfumo wa FAT32 inakataa faili linalozidi gigabaiti 4 hata kama nafasi ipo. Video ya harusi ikikataliwa na kle kwa sababu hiyo, itume kwa LocalSend kama ilivyo, bila kuikata vipande.